Nyangumi wa Agosti: Watamu, Shimoni au Unguja kwa familia inayotoka Uganda?

Likizo ya muhula wa pili hapa Uganda huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha katikati ya Septemba. Wiki hizo hizo nyangumi wenye nundu wanapita kando ya pwani ya Afrika Mashariki. Wametoka kusini kabisa mwa dunia, kwenye maji ya barafu ya Antaktiki wanakonenepa kwa kula uduvi, na wamekuja kwenye maji ya uvuguvugu kuzaa na kutafuta wenza. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania nyangumi hao huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Kalenda ya shule zetu na kalenda ya nyangumi zinakutana, na wazazi wengi wa Kampala, Jinja au Mbale hawana habari. Tena watoto wa Kenya huwa wamesharudi darasani wakati huo, kwa hiyo fukwe zina nafasi.

Nyumbani kwetu mjadala ulichukua miezi miwili. Mume wangu alitaka Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, mimi nilitaka Watamu, kaskazini ya Mombasa, na wifi yangu anayeishi Mombasa alishikilia kwamba penye watoto wadogo ni Shimoni tu, kusini kule karibu na mpaka wa Tanzania. Mwishowe tumefika kote, likizo tatu za miaka tofauti, tukiwa na watoto watatu na mara moja tukiwa na mama mkwe. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijajaza tangi la mafuta.

Vipimo nilivyotumia

Kwanza njia: siku ngapi barabarani, mipaka mingapi, na gari litaishia wapi. Pili nyangumi wenyewe: wanapita karibu kiasi gani, na je, kuna manahodha wanaotoka kwa ajili yao hasa, au wanabahatisha wakiwa kwenye shughuli nyingine? Tatu, watoto baharini. Nne, mfuko.

Tano ni siku isiyo na nyangumi, na hiki nimekuja kukiweka juu ya vingine vyote. Nyangumi ni mpita njia. Ukiwa na siku tatu pwani, yawezekana siku moja bahari ikakataa na siku nyingine ikawa kimya tangu asubuhi hadi mnarudi. Kama mahali ulipochagua hapana kitu kingine cha kumshika mtoto wa miaka sita, siku hizo mbili zitakula safari nzima, na mtoto atakachokumbuka ni joto na kusubiri.

Ya mpakani, kwa safari zote

Kuingia Kenya, mtu mzima wa Uganda anapita kwa kitambulisho cha taifa. Watoto hawana kitambulisho hicho, hivyo watengenezee pasipoti mapema, maana foleni za pasipoti hujaa karibu na likizo. Tanzania inataka pasipoti kwa kila mtu. Chukua kadi za chanjo ya homa ya manjano za familia yote. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiifanye wiki ya safari. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, beba barua yake ya ridhaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kwa gari, beba kadi yake halisi, na kama si lako, barua ya mwenye gari. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya gari linalovuka mipaka, inafanya kazi Kenya na Tanzania pia. Kenya ukishavuka tu sajili laini ya simu yenye M-Pesa. Hifadhi za bahari za Kenya hazipokei pesa taslimu, na tiketi za treni hulipwa kwa simu. Sisi mara ya kwanza tulifika na noti mkononi, ikabidi tumwombe mgeni tusiyemjua atulipie tumrudishie taslimu. Alikubali, Mungu ambariki, lakini haikuwa njia ya kuanza likizo.

Upepo wa Kusi unavyoamua

Ukifika pwani utasikia neno hili kila asubuhi: Kusi. Ni upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na nguvu zake ni kubwa zaidi Juni, Julai na Agosti. Yaani nyangumi wanafika wakati bahari iko katika hali yake mbaya kuliko nyakati nyingine za mwaka. Kadiri Septemba inavyosonga upepo hulegea, mawimbi yanashuka, na nyangumi bado wapo. Ndiyo maana ukiniuliza wiki gani ya likizo, nitakwambia ya mwisho kuliko ya kwanza, popote utakapokwenda kati ya sehemu hizi tatu.

Kuna na suala la maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji yakipwa kiasi hicho, boti nyingine hazipiti juu ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufukwe. Nahodha atakutajia saa ya kuondoka kwa kuangalia maji, si kwa kuangalia ratiba yako ya chai. Asubuhi mapema ndiyo bora, kabla upepo haujaamka na kuchora povu jeupe kila mahali, kwa sababu katikati ya povu hilo pumzi ya nyangumi haionekani.

Watamu na Malindi

*Njia.* Kampala hadi Nairobi ni kama kilomita 660, na Nairobi hadi Mombasa karibu 485. Ukitoka saa kumi alfajiri na kuvukia Busia, ambako Uganda na Kenya hukugongea muhuri katika kituo kimoja, unaweza kulala Nakuru bila kuendesha usiku. Malaba nayo ni sawa, ila foleni ya malori yaweza kukukalisha. (Kuku wa mishikaki wa Namawojjolo, saa hizo za alfajiri, bado hajaota moto. Muweke kwenye mpango wa kurudi.) Siku ya pili lala Voi, na njiani, ndani ya Tsavo, waambie watoto waangalie dirishani. Tembo wekundu kwa vumbi husimama karibu na barabara.

Siku ya tatu msiingie Mombasa kabisa. Mkifika Mariakani, kata kushoto kuelekea Kaloleni. Barabara hiyo ya lami inatokea Mavueni, karibu na Kilifi, na inawaepusha na msongamano wa Mombasa na Mtwapa. Kutoka Kilifi mpaka njia panda ya Gede ni mwendo mfupi, na Watamu iko hapo chini.

Wasiotaka kuendesha mpaka mwisho wanaacha gari Nairobi na kupanda treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Syokimau. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Treni inashusha Miritini, nje kidogo ya Mombasa, na kutoka hapo mtakodi gari.

*Nyangumi.* Hapa ndipo penye mpangilio mzuri zaidi kati ya sehemu tatu. Nje ya mwamba wa Watamu sakafu ya bahari inashuka haraka, kina kikubwa kiko karibu na nchi kavu, na boti haihitaji kwenda mbali sana kuwafikia. Chama cha Watamu Marine Association kimekuwa kikiandikisha nyangumi wanaoonekana, na manahodha hupiga picha za mikia, kwa sababu madoa ya chini ya mkia wa kila nyangumi ni yake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Watoto wetu waliambiwa hivyo, na safari ikageuka kazi: kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kuuona mkia.

Siku ya kwanza hatukutoka. Nahodha, mzee wa makamo, alisimama ufukweni akaangalia maji, akamwangalia kijana wetu wa miaka minne, akamwambia mume wangu, "Baba, leo bahari imechafuka. Wewe na mama ningewachukua. Huyu bwana mdogo, hapana. Njooni kesho alfajiri." Alikuwa anakataa pesa yake ya siku, na tulimwamini kuanzia hapo.

Siku ya pili tulikaa saa mbili bila kitu. Binti yetu mkubwa alikuwa ameshalala begani kwangu. Kisha tukasikia, kabla hatujaona: pumzi nzito, *pffffff*, kama trela linapotoa upepo wa breki pale Malaba. Nahodha akazima injini. Mgongo mweusi ukapanda taratibu, ukaendelea kupanda, ukawa kama hauishi, kisha pezi dogo, kisha ukazama. Pembeni yake ukaja mgongo mwingine, mfupi. Mama na mtoto. Nyangumi mzima wa aina hii hufika mita 13 hadi 15, sawa na taksi tatu za abiria 14 zikipangwa mstari mmoja. Mtoto wake siku anayozaliwa tu ana kama mita 4. Hakuna aliyesema neno ndani ya boti. Kijana wetu alinishika kidole akakibana mpaka wakapotea.

*Watoto baharini.* Nje ya mwamba mawimbi ni ya bahari kuu, na ukweli huu usiufiche. Safari ni ya saa tatu au nne, hakuna kivuli kikubwa, na mtoto aliyelevywa na bahari hawezi kushushwa katikati ya safari. Wape dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada, na muulize mfamasia kipimo cha umri wao. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ningefikiri mara mbili, mwezi Agosti hasa.

*Mfuko.* Gharama kubwa ni boti, na boti hukodishwa nzima au kwa kichwa. Tafuteni familia nyingine pale mnapolala mgawane. Kuingia hifadhi ya bahari, raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, chini sana ya kile cha mgeni wa kutoka mbali, hivyo onyesheni vitambulisho. Kukodi nyumba yenye jiko ni kawaida hapa, na mara nyingi nyumba huja na mpishi anayejua kwenda mwenyewe kwa wavuvi.

*Siku isiyo na nyangumi.* Hapa Watamu inapata alama nyingi. Magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa karne nyingi zilizopita na kumezwa na msitu, yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024. Watoto hukimbia kati ya kuta za misikiti na nyumba huku tumbili wakiwatazama. Palepale kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuwauza wakishajifunga kwenye ganda, kabla hawajawa vipepeo, na hivyo kupata sababu ya kutoukata msitu. Kwenye hori la Mida kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Na kuna kituo kinachotibu kasa waliojeruhiwa na nyavu. Mama mkwe wangu, ambaye hakukanyaga boti hata mara moja, aliondoka Watamu akiwa ameridhika.

*Inamfaa nani.* Familia ambayo lengo lake kweli ni nyangumi, yenye watoto kuanzia miaka saba hivi, na yenye siku nne au zaidi za kukaa pwani.

Shimoni, Wasini na Diani

*Njia.* Ni ile ile mpaka Mombasa, kisha kusini. Zamani hapakuwa na namna ila feri ya Likoni na foleni yake. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakupitisha upande wa kusini bila kuingia mjini wala kupanda feri. Diani iko kama kilomita 35 kutoka Mombasa, na Shimoni ni karibu saa moja mbele ya hapo, jirani na mpaka wa Tanzania. Familia nyingi hulala Diani na kwenda Shimoni alfajiri. Sisi tulilala Shimoni yenyewe, na ningefanya hivyo tena, kwa sababu kumwamsha mtoto saa tisa usiku ili awahi boti ni kuanza siku kwa kilio.

*Nyangumi.* Wanapita, na manahodha wa Shimoni watakuonyesha picha za simu kuthibitisha. Ila boti nyingi zinazotoka hapa huenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kwa ajili ya pomboo na matumbawe, na nyangumi huwa nyongeza ya bahati. Ukimtaka yeye hasa, zungumza na nahodha siku moja kabla, mwambie mnataka kutoka nje ya visiwa, na mkubaliane bei ya hiyo. Pomboo, kwa upande wao, wanaishi hapa mwaka mzima. Siku yetu hatukuona nyangumi, tukaona pomboo zaidi ya kumi wakipita chini ya boti, na yule wa miaka minne (wakati huo alikuwa na sita) bado anawasimulia hao kuliko nyangumi wa Watamu.

*Watoto baharini.* Wifi yangu alikuwa sahihi. Mkondo kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini umekingwa, na hata siku Kusi inapovuma mnaweza kuvuka mkiwa wakavu. Jahazi lina kivuli na nafasi ya mtoto kulala. Pale Kisite maji yakiwa maangavu, watoto wakubwa wanaogelea kwa miwani na mrija juu ya matumbawe, wadogo wanaangalia wakiwa wameshikwa.

*Mfuko.* Safari ya siku nzima mara nyingi huja na chakula cha mchana Wasini: kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Ukihesabu saa na tumbo, hapa shilingi moja inakwenda mbali kuliko Watamu. Diani ina vyumba vya kila bei, na ukiwa tayari kukaa mita mia chache kutoka ufukweni, bei inashuka sana.

*Siku isiyo na nyangumi.* Wasini haina magari. Wanawake wa kisiwa wanaendesha njia ya mbao inayopita kati ya mawe ya matumbawe na mikoko, na kiingilio chao kinarudi kijijini. Shimoni kuna pango ambamo watu waliotekwa walifungiwa wakisubiri kusafirishwa utumwani. Ni mahali pa ukimya, na ningewaeleza watoto wa darasa la tano kwenda juu kabla ya kuingia, wadogo ningewaacha nje na mzazi mmoja. Kibuyuni, jirani hapo, kina mama hulima mwani na kuutengeneza sabuni. Diani kuna mbega wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba zilizofungwa juu. Na milima ya Shimba ndiyo mahali pekee Kenya penye palahala wa porini, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto wadogo, au yenye mtu anayeogopa bahari lakini yuko tayari kujaribu. Pia wale ambao nyangumi ni tumaini tu, na wasipomwona hawatavunjika moyo.

Unguja

*Njia.* Hii ndiyo ndefu kuliko zote kwa gari. Kutoka Kampala mnashuka Masaka, mnavuka Mutukula, mnapita Bukoba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,500. Hesabuni siku tatu za kwenda. Katika vijiji vya Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa na askari wana tochi, yaani kamera za kupima mwendo, kwa hiyo heshimuni kila kibao. Ushauri wangu: gari liishie Dodoma. Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dodoma hadi Dar kwa saa zisizofika nne, na gari halina kazi Unguja hata mkilifikisha Dar. Kutoka Dar, boti ya kasi inavuka kwa kama saa mbili. Kusi ikiwa kali, saa hizo mbili ni ndefu; kaeni chini, katikati, na si mbele.

*Nyangumi.* Wanapita kusini ya kisiwa, nje ya Kizimkazi, na kaskazini, Nungwi. Kama Shimoni, biashara kubwa hapa ni pomboo. Na lazima niseme wazi jambo lililonihuzunisha. Asubuhi moja tuliona boti nyingi zikizunguka kundi dogo la pomboo, injini zikinguruma, watu wakirushwa majini mbele yao kila walipojaribu kupumua. Niliomba tuondoke. Watoto wangu hawakusafiri siku tatu kuja kujifunza kwamba mnyama ni kitu cha kukimbizwa. Wapo manahodha wa Kizimkazi wanaofanya kazi kwa ustaarabu, na siku iliyofuata tulimpata mmoja. Muulizeni kabla: utazima injini? Utakaa umbali gani? Kwa nyangumi, kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni mita 100, na zaidi kukiwa na mtoto wake. Akikuahidi kwamba mtaogelea nao, tafuta mwingine.

*Watoto baharini.* Inategemea upande na siku. Boti za hapa nyingi ni ndogo na wazi. Kivuko chenyewe kutoka Dar kinaweza kuwa kigumu kuliko safari ya nyangumi.

*Mfuko.* Barabara ndefu maana yake mafuta zaidi na usiku zaidi njiani, kisha treni, kisha boti kwa kila kichwa kwenda na kurudi. Familia ya watu watano ihesabu kwa kalamu kabla ya kuamua. Chakula kisiwani kinaweza kuwa rahisi mkila wanapokula wenyeji.

*Siku isiyo na nyangumi.* Kisiwa hiki mtoto hawezi kukimaliza. Mji Mkongwe na vichochoro vyake, kobe wakubwa wa Changuu, kima punju wa Jozani ambao hawapatikani porini mahali pengine ila Zanzibar, msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, na jioni Forodhani, urojo mkononi, vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani.

Kuna na sababu nyingine ambayo kwa Mganda ni nzito. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini watoto wetu wanakijua kama somo. Unguja, binti yangu aliagiza chungwa kwa Kiswahili chake cha darasani, na bibi muuzaji akamjibu, "Ahsante mwanangu, umenena vyema." Alirudi ameshika chungwa kama amepewa tuzo.

*Inamfaa nani.* Familia yenye wiki mbili kamili, watoto wakubwa kidogo, na hamu ya mji na historia sawa na hamu ya bahari.

Jaketi za watoto

Hili ni la kote, na nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mahali pamoja pwani, sitapataja, tulipewa jaketi za kujiokolea za watu wazima tu. Ya kijana wetu ilimpanda mpaka masikioni, na msaidizi wa boti akachukua leso akaifunga kiunoni ili isivuke. Jaketi ya namna hiyo mtoto akianguka majini inaelea peke yake, yeye anateleza kutoka chini. Tulishuka. Sasa tunabeba mbili za watoto kutoka Kampala, zinakaa chini ya kiti cha nyuma, na kila safari tunamvalisha mtoto, tunavuta mabega ya jaketi kwenda juu, na kama inapita kidevu tunakaza upya.

Kwa hiyo, kulingana na hali yako

Una siku kumi kwa jumla na watoto wa shule ya msingi wanaopenda wanyama: nenda Watamu, tumia treni kutoka Nairobi kuokoa mgongo wa dereva, na panga boti siku ya pili ili ubaki na siku ya akiba.

Mtoto wako mdogo kabisa ana miaka chini ya mitano: Shimoni. Kama mzazi mmoja anatamani nyangumi sana, atoke peke yake siku moja na nahodha aliyekubaliana naye, wengine wabaki Wasini.

Mnatoka Masaka au Mbarara: Mutukula iko karibu na ninyi na inavutia, lakini ukaribu wa mpaka si ukaribu wa bahari. Pimeni njia yote. Mnaotoka Tororo au Mbale, Kenya ni mlangoni kwenu, msijisumbue.

Mnasafiri na mzee ambaye hatapanda boti: Watamu, na beba darubini. Kaeni mahali palipoinuka asubuhi, mwangalie nje ya mstari mweupe wa mwamba. Pumzi ya nyangumi huonekana kama moshi mfupi unaopanda na kupotea.

Likizo yenu imesogea hadi Oktoba au zaidi, na mmesikia habari za Mafia: wale wanaoogelea Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi ni papa potwe, samaki mkubwa mwenye madoa, si nyangumi. Ni safari nzuri, ila ni safari nyingine.

Na kama watoto hawajawahi kuiona bahari kabisa, wanaijua Nalubaale tu, yaani Ziwa Viktoria, basi popote mtakapofika msiwapeleke kwenye boti siku ya kwanza. Waacheni ufukweni. Wa kwetu alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akaniangalia kama nimemdanganya jambo kubwa, kisha akachota tena.